Nukta Thelathini na Saba

Jumatatu, saa ya mapumziko, Gatete aliingia darasani kwangu na ubao kwapani, akauegemeza ukutani, akarudi nyuma hatua mbili kuutazama.

"Soma, Madam."

Nikasoma. Rangi ya bluu, herufi nyeupe, kazi safi ya fundi: KAYITARE, JEZI NAMBA 11. MECHI KUMI ZA KWANZA: POINTI 112.

"Tunautundika Jumapili," alisema. "Yule kijana wa Busasamana auone vizuri kabla hajarudisha jezi."

"Bado ana mechi moja."

"Ana arobaini na tatu kwa mechi tisa. Nusu ya Kayitare ni hamsini na sita. Apate kumi na tatu kwa mechi moja, yeye? Anayewaomba wapinzani msamaha uwanjani?" Alicheka. "Namba haziongopi, Madam."

Nilishika chaki nikaendelea kuandika zoezi la darasa la tatu, nikimpa mgongo, kwa sababu namba zile niliziandika mimi.

Gatete ni mwenyekiti wa Imiraba, klabu yetu ya mpira wa kikapu hapa Gisenyi, mji wa ziwani unaopakana na Goma. Amekulia Uganda, ana maduka mawili ya vifaa vya ujenzi, na anapenda namba kuliko watu. Si mtu mbaya. Ila ukishampa namba, hasikii kingine.

Mimi ni Connie. Nafundisha Kiswahili, lugha niliyorudi nayo kutoka Karagwe, Tanzania, nilikozaliwa na kukulia mpaka wazazi walipoamua kurudi nyumbani nikiwa na miaka kumi na sita. Nje ya darasa, watu wananijua kwa daftari. Tangu mwaka 2000 mimi ndiye ninayekaa mezani kando ya uwanja na kuandika nani kafunga nini. Makocha wamepita, wenyeviti wamepita, mlima wa volkano umelipuka mara mbili, mimi nipo mezani.

Na Imiraba ina desturi yake. Mchezaji mpya akimaliza mechi kumi, Jumapili inayofuata, watu wakishatoka kanisani, daftari linasomwa uwanjani mbele ya wote. Wenzake wanakaa kwenye ngazi ya chini. Yeye anasimama peke yake, jezi yake ameifua, ameipiga pasi, ameikunja, ameishika kwa mikono miwili. Pointi zake zikitosha, anaivaa pale pale na kupigiwa makofi. Zisipotosha, anaiweka juu ya meza yangu na kwenda zake. Hakuna hotuba. Nimepokea jezi tisa kwa mikono yangu hii.

Zamani kocha wetu Théoneste, Mungu amrehemu, alidai hamsini. Kayitare alipoitwa timu ya taifa, wazee wa klabu wakapandisha kipimo: nusu ya Kayitare. Mtu asiyeweza kuwa hata nusu ya Kayitare, walisema, anatafuta nini kwetu? Neno likawapendeza, likawa sheria.

Sasa niseme nililolikalia miaka ishirini na mitano.

Kayitare alikuja msimu uleule nilioanza kuandika. Mtoto wa mwanajeshi, naye amekulia Uganda, mrefu, mwembamba, kicheko chake cha puani. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Sitazunguka mbuyu: nilimpenda. Nilimpenda kabla hajalijua jina langu, na tatizo lilikuwa moja tu, kwamba hafungi.

Leo ukisema hivyo hapa mjini watakuona una wazimu. Lakini nilikuwepo. Mpira wake uligonga chuma, uligonga ubao, ulipita juu ya vyote, na mara mbili ulivuka barabara ukaenda kuogelea ziwani, watoto wakaurudisha unachuruzika maji. Mechi ya kwanza, pointi mbili. Ya pili, sifuri. Kila mechi ikiisha alikuja mezani kwangu, anafuta jasho kwa ncha ya shati, anauliza kwa sauti ndogo, "Connie, leo ngapi?" Nami namgeuzia daftari asome mwenyewe, maana sikuweza kulitamka.

Baada ya mechi ya tatu Théoneste alisema mbele ya watu wote, "Huyu asipofika hamsini, tunampa jezi mwingine."

Mechi ya nne tulicheza na timu ya Goma. Kayitare alirusha, akakosa. Mpira ukarudi, Jean de Dieu akaudaka hewani akautumbukiza. Jean de Dieu alikuwa jezi namba 14, mtu wa chini ya kikapu, amekulia hapo hapo Goma, mabega mapana, maneno machache. Kazi yake ndiyo ilikuwa hiyo, kuokota makosa ya wenzake. Nikashusha penseli kuandika mbili zake. Nikaziandika kwenye mstari wa 11.

Nilijiambia kwamba Kayitare ndiye aliyeuanzisha ule mpira. Jumla ya timu haikubadilika, matokeo hayakubadilika, nani kaumia? Uwanja mzima umeuona mpira ukitoka mkononi mwake na mwishowe umeingia. Katikati hapo ni msukumano wa viwiko na mikono, nani anahesabu vidole? Siku ile nilimpa vikapu vitatu. Mechi iliyofuata, vitano. Ukishaanza kudanganya kwa ajili ya mtu unayempenda, huwezi kupimia kwa kijiko. Alihitaji pointi kumi na mbili tu kufika hamsini, mimi nikampa sabini na nne.

Lakini mkono wangu haukukubali kudanganya moja kwa moja. Chini ya kila kikapu nilichokihamisha niliweka nukta, ndogo, ya penseli. Sijui nilikuwa namwekea nani. Ziko thelathini na saba. Ukiondoa vikapu vyenye nukta, Kayitare, nyota wa Gisenyi, katika mechi zake kumi za kwanza alifunga pointi thelathini na nane.

Siku ya kusomwa, Théoneste aliirudia ile mia na kumi na mbili mara mbili, maana hata yeye hakuitegemea. Wachezaji wakapiga makofi. Jean de Dieu naye alipiga makofi. Kayitare peke yake hakucheka. Alinitazama, na aliivaa jezi polepole mno, kama mtu anayevaa nguo ya kuazima. Jioni tulitembea barabara ya ziwani, chini ya mitende, tukala sambaza za kukaanga, dagaa wetu wa ziwani, kwenye kipande cha gazeti. Hakunishukuru. Hata hakulitaja jambo lenyewe. Alisema tu, "Nitazifunga zote, Connie."

Na akazifunga. Msimu uliofuata hakushikika. Watu walikuja kutoka Nyakiriba kwa miguu kumtazama, na Jean de Dieu chini ya kikapu akakosa kazi, kwa kuwa hapakuwa na makosa ya kuokota. Ikaja timu ya taifa. Mwaka 2004 ikaja Kanada, miaka miwili tu, alisema, halafu tutaona. Alipiga simu kila Jumapili, kisha kila mwisho wa mwezi, kisha sikukuu. Ya mwisho ilikuwa Krismasi ya 2009. Siku hizi namwona kwenye picha za watu wengine: upara, tumbo, theluji nyuma yake, binti mdogo mabegani.

Wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Mtu wa mbali je? Huyo anaua taratibu. Nimewahi kuchumbiwa mara mbili, na wanaume wazuri, na wote wawili waliniuliza mwishoni kwa nini bado nakaa kwenye ile meza. Sikuwa na jibu la kumpa mtu mwenye akili zake.

Jibu nililo nalo ni hili. Ile mia na kumi na mbili ni ya kila mtu. Wanaisema vinyozi, wanaisema makondakta, Gatete kaipaka rangi. Ile thelathini na nane ni yangu. Kayitare mwenye aibu, anayekosa, anayeuliza leo ngapi, hakuna mtu mwingine duniani anayemjua, na huyo ndiye ninayemtamani mpaka leo. Kwenye ukurasa wa mechi ya saba kuna doa la kahawia, dogo kama punje ya mtama. Aliinama pale kuuliza pointi zake, nadhani alikuwa ameumia mdomo. Ziko Jumapili nafungua ukurasa ule, naweka kidole juu ya doa, nafunga. Basi. Huo ndio urithi wangu.

Sasa Nziza. Ana miaka kumi na tisa, kwao ni Busasamana, karibu kabisa na milima. Mama yake anavusha karoti na kabichi kwenda Goma kila asubuhi. Ana urefu wa kugusa chuma bila kuruka sana, na ana tabia mbaya kuliko zote kwa mchezaji: adabu. Akimkanyaga mtu anasimama kumwomba radhi huku mpira unaenda. Akiwa na nafasi ya kurusha anampa mwenzake.

"Huyu iko na macho," Jean de Dieu aliniambia mara moja. Ndiye kocha wetu sasa. Siku za kazi anashughulikia karatasi za forodha mpakani, jioni yuko uwanjani na filimbi. "Anaona mutu mbele mutu hajajua kama iko peke yake. Mikono itafuata. Lakini ile kipimo yenu, Connie..." Akaingiza filimbi mdomoni.

Hakusema kipimo chetu. Alisema yenu. Nililisikia, nikajifanya sikulisikia.

Mechi ya kumi ilikuwa Jumamosi alasiri, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, watu bado wana udongo kwenye viatu. Wageni walitoka Musanze. Gatete alikaa safu ya mbele na simu yake. Mpaka robo ya tatu Nziza alikuwa na nne, na nne zile alizipata kwa mitupo huru, peke yake mstarini, hapo ambapo hakuna wa kumwachia mpira.

Kisha akarusha, kutoka kona ya upande wa ziwa. Mpira ukagonga chuma, ukarudi, mwenzake Rukundo akaudaka akautumbukiza.

Penseli yangu ilishuka yenyewe. Niliandika mbili kwenye mstari wa Nziza. Ilikuwa rahisi, rahisi kuliko ile ya kwanza. Nikapiga hesabu: vinne vingine vya aina hii na kijana anafika. Anavaa jezi, ubao unatundikwa, Kayitare wangu anabaki alipo, mimi nabaki nilipo. Nani kaumia?

Hapo nikamkumbuka Igor. Mwaka 2012 alifunga hamsini na nne, akaweka jezi mezani kwangu, akasema asante. Leo ni polisi, anasimama kwenye mzunguko wa barabara ya mpakani, na kila akiniona ananipigia saluti, "Mwarimu!", nami natamani ardhi ipasuke inimeze. Hamsini na nne. Alimzidi Kayitare kwa pointi kumi na sita, akaenda zake akiamini hafai. Nikimpa Nziza vikapu vitano vya uongo, namwokoa huyu na kumtundikia ubao ule kila atakayekuja baada yake.

Niliinua macho. Jean de Dieu, kwenye benchi, hakuwa anautazama mchezo. Alikuwa anautazama mkono wangu. Nikachukua kifutio, nikaifuta ile mbili, nikamwandikia Rukundo haki yake. Nziza alimaliza na nne. Arobaini na saba zote pamoja. Alikuja mezani, akausoma mstari wake mwenyewe, akashukuru, "Urakoze, Mwarimu," akaondoka kwenda kufua jezi.

Jumapili asubuhi, kabla ya misa, nilimwandikia Kayitare. Namba nilipewa na binamu yake miaka iliyopita, na sikuwahi kuitumia, kwa sababu mwanamke naye ana kiburi chake. Niliandika: *Leo nawasomea thelathini na nane. Nisamehe. Connie.* Kabla sijamaliza kufunga kitambaa kichwani alama mbili zikageuka bluu. Ameisoma. Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Zikaja zile nukta za mtu anayeandika, zikacheza, zikapotea. Zikaja tena. Zikapotea. Nilisubiri mpaka kengele ya pili ikalia, nikaweka madaftari kwenye mkoba, la sasa na lile la mwaka 2000, nikaenda kusali. Mungu anajua sikusikia hata neno moja la padri.

Uwanjani ubao ulikuwa umeshatundikwa kwenye uzio, juu ya kichwa cha Nziza. Alisimama chini yake na suruali yake ya kanisani, jezi mikononi, imekunjwa vizuri hivi kwamba namba haionekani. Mama yake alisimama mbali, nyuma ya watu wote, karibu na lango, mtu aliyejiandaa kuondoka haraka.

Nikafungua daftari. "Nziza. Mechi kumi. Pointi arobaini na saba."

Minong'ono. Kijana aliinamisha kichwa na kuanza kuja mezani.

"Ngoja kwanza," Gatete alisema, kwa raha. "Tusome na kipimo, kama kawaida. Madam, na Kayitare?"

"Thelathini na nane."

Mtu mmoja alicheka, akidhani ni utani. Gatete alionyesha ubao kwa kidole. "Umekosea kusoma, Madam."

"Sikukosea kusoma. Nilikosea kuandika." Sauti yangu ilitoka kavu, ya darasani, na niliishukuru. "Vikapu thelathini na saba vilivyo kwenye mstari wa Kayitare si vyake. Nilimhamishia mimi, kwa sababu Théoneste angemfukuza, na mimi nisingevumilia. Chini ya kila kimoja kuna nukta. Njoo uhesabu."

Akaja. Mpeni Gatete haki yake: alihesabu. Alipitisha kidole ukurasa kwa ukurasa, midomo ikitembea, na watu wote walimsubiri. Alipofika thelathini na saba alirudi mwanzo akahesabu upya. Kisha akavua miwani.

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Mzee mmoja wa klabu aliniita mwizi. Mwingine akasema nimeichafua Gisenyi nzima mbele ya nchi. Njia ya mwongo ni fupi, alisema wa tatu, na karibu nimjibu kwamba yangu imechukua miaka ishirini na mitano. Nikameza. Nikawataja kwa majina vijana tisa waliorudisha jezi, mmoja mmoja, na pointi zao. Saba kati yao walimzidi Kayitare. Nilipofika kwa Igor sauti ya darasani ikaniishia, nikalia mbele yao wote, mwanamke mzima, kamasi zinanitoka.

"Zilikuwa za nani?" Gatete aliuliza. "Hizi sabini na nne. Lazima ziwe za mtu."

"Za Jean de Dieu."

Vichwa vyote viligeuka. Jean de Dieu alikuwa anakunja na kukunjua kamba ya filimbi.

"Mi nilijuaka," alisema.

"Ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza. Kila mutu anajuaka panier yake, kikapu yake, Président. Hauwezi funga panier sita, unasomewa mbili, unasema ah, pengine nililala."

"Na ukanyamaza miaka yote hii? Ukapiga makofi?"

"Bon. Ningesema, wangefukuza Kayitare." Alinyanyua mabega, akanionyesha kwa kidevu. "Na huyu angeacha kuja. Nani angetuandika?"

Akamwendea Nziza, akaichukua ile jezi mikononi mwake, akaikung'uta ikafunguka. "Vaa, petit. Iko baridi."

Wote walimtazama Gatete. Alitazama ubao wake, kazi nzuri ya fundi, pesa yake mwenyewe. Alitazama daftari. Nilimwona anavyotafuta mlango wa kutokea na kila mlango una namba juu yake.

"Arobaini na saba," alisema hatimaye, bila furaha yoyote, "ni kubwa kuliko thelathini na nane." Akapanda kwenye kiti, akaushusha ubao. Hakuna aliyepiga makofi mpaka mama yake Nziza, kule langoni, alipoanza peke yake, kwa mikono ile migumu ya kubeba vikapu vya karoti.

Wapo wasionisalimia mpaka leo, na wana haki. Jumatatu nilikwenda kwenye mzunguko nikamwambia Igor. Alinisikiliza huku anaongoza magari, akaniuliza, "Hamsini na nne, Mwarimu?" nikasema ndiyo, akageuka kusimamisha lori na hakunigeukia tena. Kayitare hajajibu. Simu naiangalia asubuhi na mchana na jioni, sitaki kudanganya tena hata kwa hilo.

Jumanne jioni, mazoezi yalipoisha, Jean de Dieu alivuta kiti akakaa upande wa pili wa meza yangu.

"Sasa uandike yangu," alisema.

"Zote?"

"Zote. Gatete anasema kama haijaandikwa haiko. Na kalamu, si ile penseli yako."

Nikafungua daftari la zamani nikaweka jipya kando yake. Alianza kwenye nukta ya kwanza, bila kuangalia. Mechi ya nne, na watu wa Goma, kikapu cha upande wa barabara, aliruka kwa mguu asiouzoea. Ya pili, dakika chache kabla ya mapumziko, mvua inaanza, mpira unateleza. Ya tatu kwa mkono wa kushoto. Alizijua moja moja, nani alikuwa anamvuta shati, jua lilikuwa wapi. Niliandika, nageuza kurasa, naandika. Nikiinua macho namwona mtu wa miaka hamsini, mvi masikioni, anataja vikapu vyake taratibu, vile watu wanavyotaja watoto wao.

Tukafika mechi ya saba.

"Hii hauwezi sahau," alisema. "Hii nilipata kiwiko hapa." Alisukuma nyusi kwa kidole gumba. Kulikuwa na kovu, jeupe, refu kidogo. Nimemfahamu miaka ishirini na mitano, sikuwahi kuliona. "Panier iliingia, lakini damu ilikuwa inatoka sana. Nikakuja hapa mezani kuuliza kama iko kitambaa. Nikainama. Tone moja ikaanguka kwa kitabu yako. Nikasema pardon."

Nilitazama ukurasa. Doa la kahawia lilikuwa palepale, punje ya mtama, na pembeni yake nukta yangu ya penseli.

"Kayitare ndiye alikuwa ameumia siku ile," nilisema. "Mdomo."

"Kayitare? Siku ile hakuumia." Alifikiri kidogo, kwa uaminifu wake uleule. "Alikuwa nyuma yangu. Alikuwa anangojea mi niondoke, akuulize yake."

Kidole changu kilikuwa tayari juu ya doa, kwa mazoea. Sikujua pa kukipeleka. Nilijaribu kumkumbuka Jean de Dieu ameinama pale, damu inamtoka, anasema pardon. Nilimtafuta kila mahali kichwani mwangu. Nilimwona Kayitare tu, nyuma ya bega la mtu fulani, anafuta jasho kwa ncha ya shati.

"Nilikupa kitambaa?" nikauliza.

"Hapana," alisema Jean de Dieu. "Haikuwa shida. Andika. Iko bado kumi na tisa."